Goti la Kushoto la Mama

9 Februari

Kaka,

Barua hii nimeituma kwenye anwani ya karakana kwa makusudi. Nikipiga simu nyumbani Mama anaweka sauti kubwa, anavuta kiti, na kila ninachokuuliza wewe anajibu yeye. "Goti halijambo, mwanangu, acha wasiwasi." Goti lililomwangusha mbele ya darasa zima, ati halijambo! Kwa hiyo tuandikiane hapa, mimi na wewe. Tajiri wako akiikuta kwenye kompyuta yake, mwambie ni ya mteja.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua shahada yetu ya kimataifa ilivyopangwa: nusu ya uhandisi mitambo nimeisomea chuo cha nyumbani, nusu naimalizia huku, na cheti ni kimoja chenye mihuri ya vyuo vyote viwili. Sasa nimefika kwenye mradi wa mwisho. Kila mmoja wetu lazima asanifu kitu, kitu kitengenezwe, mtu akitumie kweli, kisha aandike ripoti. Wenzangu wametoka kila pembe ya dunia na kila mmoja ana lake. Yuko wa pampu, yuko wa mashine ya kukaushia mahindi. Mwenzangu wa chumbani anasanifu kitu cha kufungulia makopo na anakiita roboti, nami nimemwacha na roboti wake.

Mimi nimechagua goti la Mama.

Nataka kifaa chenye mikono miwili ya alumini, mmoja wa paja na mmoja wa muundi, iliyounganishwa kwa bawaba pembeni mwa goti. Goti likitaka kukunja, likunje. Likitaka kuchomoka kwenda pembeni kama lilivyozoea, lizuiwe. Mwalimu mkuu kamhamishia stoo ya vitabu kwa sababu darasa lake liko ghorofani. Mama na stoo wapi na wapi? Atawafundisha panya?

Wewe ndiye mkono wangu. Nipimie mguu wake wa kushoto kuanzia nyonga hadi kifundo, mzunguko kila baada ya kiganja, halafu uniandikie. Nikikosea mradi huu sihitimu, na nikipatia, Mama atapanda ngazi. Ndiyo hesabu yote.

Mdogo wako


14 Februari

Kwa Mheshimiwa Bi Maswali,

Tajiri ameiona barua yako. Nikamwambia ni ya mteja. Akaniuliza, mteja anayemwita fundi "Kaka" anataka punguzo gani? Basi ikabidi nimweleze, na ameruhusu nitumie mashine zake Jumamosi mchana, mradi nisafishe chuma chote nitakachokimwaga chini.

Vipimo viko mwisho wa barua. Kuvipata ilikuwa vita. Mama alikataa kupimwa kwa futi ya karakana, anasema ina grisi, akatoa yake ya kushonea. Kila nikisoma namba anauliza kama ni nyingi kuliko za jirani. Nikamwambia jirani simpimi. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Ila nikuambie lililonitia uchungu. Alipokuwa anarudi chumbani goti lilimtoka, pale mlangoni tu, akashika fremu. Hakupiga kelele. Alisimama akasubiri lirudi, akaendelea na safari yake. Kumbe keshazoea. Tengeneza hicho kitu haraka.

Swali lake kwako ni moja: kitaonekana chini ya gauni?

Kaka yako, Fundi


3 Machi

Kaka,

Mwambie hakitaonekana, asipovaa yale magauni yake ya ujana.

Mchoro huu hapa, nimeuambatisha. Nimeuchora, nikaufuta, nikauchora upya hadi msimamizi wangu akasema naharibu wino. Yeye ni mama mmoja mkavu, hasifii ovyo, lakini huu aliutazama akaitikia kwa kichwa mara moja, na kwake hiyo ni pongezi. Nimeupunguza ukubwa nikakata pembezoni ili uingie kwenye printa yenu ya karatasi ndogo. Vipimo vyote vipo, miinuko yote ya mikono ipo: pale paja linapojaa, pale muundi unapoingia ndani.

Wewe fuata mchoro tu. Usitumie jicho. Nakujua, unapenda kusema "hapa nimeongezea kidogo nikaona inapendeza." Safari hii isipendeze, ifuate.

Kuna jambo zaidi. Chuo kina mkataba na hospitali fulani inayotengeneza viungo bandia. Ripoti ikipita, mchoro wangu wataupeleka hospitali na mafundi wao wataanza kuwatengenezea wagonjwa. Usimwambie Mama, atautangazia mtaa.

Ninahitaji picha ya Mama amekivaa kabla mwezi haujaisha. Tarehe hiyo ni ya vyuo vyote viwili, haisogezwi hata ulie.

Mdogo wako


21 Machi

Dada Mdogo,

Kazi imeisha. Kila kipimo nimekifuata, hakuna nilipoongeza wala kupunguza. Picha nimekutumia kwenye simu. Jirani ndiye aliyepiga, Mama kasimama sebuleni kama ulivyotaka.

Kimekaa mguuni barabara. Mama anashukuru sana.

Kazi ni nyingi leo, tutaongea.

Kaka yako


24 Machi

Kaka wangu wewe!

Nimelia mbele ya watu. Mwenzangu wa chumbani alidhani nimefiwa. Nimemwonyesha picha, naye akaita wengine, na sasa goti la Mama linajulikana ghorofa nzima ya bweni letu. Kilivyomkaa! Hakuna nafasi kati ya alumini na ngozi, kama kimemwagwa pale pale. Sijawahi kuchora kitu nikakiona kimekuwa kitu. Mikono yako Mungu aibariki.

Simu ya jirani nayo ni kituko, imegeuza picha. Mama anaonekana kavaa mguu wa kulia. Simu nyingine ndivyo zilivyo, ukijipiga zinakuonyesha kama kwenye kioo. Nimeigeuza mwenyewe ikakaa sawa, na imeshaingia kwenye ripoti.

Sasa sikiliza sana. Kuanzia leo USIKIGUSE. Usilegeze, usikaze, usipige tupa, usitengeneze kingine. Kifaa kinachovaliwa lazima kiwe kile kile kilichoandikwa, la sivyo ripoti yote inabatilika. Kila Jumapili nipimie goti linakunja nyuzi ngapi likiwa ndani ya kifaa, na kama linacheza kwenda pembeni.

Mbona barua yako ilikuwa fupi hivyo? Umechoka? Pumzika.

Mdogo wako mwenye furaha


2 Aprili

Dada Mdogo,

Vipimo vya Jumapili hivi hapa chini. Goti lililo ndani ya kifaa linakunja vizuri, halichezi kabisa.

Nina swali la kiufundi. Hivi ikitokea fundi anataka kurekebisha kidogo tu, kwa mfano atengeneze kingine kipya kabisa kinachofanana, lakini siyo kile, haiwezekani mpaka ripoti ipite? Nauliza tu.

Kaka yako


3 Aprili

Kaka,

HAIWEZEKANI. Nimeshakuambia usiguse, na wewe mkono unakuwasha. Kimekaa vizuri, vipimo ni vizuri kuliko nilivyokokotoa, unataka nini tena? Mpaka ripoti ipite hata vumbi usikifute.

Mdogo wako


28 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Ni mimi Mama. Kaka yako kaniachia kompyuta ya hapa karakana na kaniambia nisibonyeze kitu chekundu. Amekuwa mkimya siku hizi huyu, sijui mapenzi, sijui nini.

Nimekuja kukushukuru kwa maandishi, maana kwenye simu najikuta nasema ya soko. Kifaa chako ni kizuri sana. Hakiumi, hakibani, hakikwaruzi. Goti linalokivaa halijanisumbua hata siku moja tangu nikivae, na huo ni ukweli mtupu.

Mwalimu mkuu aliniona nimekivaa getini akaniuliza ni nini. Nikamwambia binti yangu ni injinia, yuko ng'ambo, na hiki kasanifu yeye. Alivyoshangaa! Papo hapo akasema nirudi darasani kwangu ghorofani. Sasa napanda na kushuka ngazi kila siku, polepole. Watoto wamefurahi, au wamejifanya wamefurahi, mimi nimewachukulia hivyo hivyo.

Wewe soma. Usihangaike na sisi. Sisi tuko salama kabisa.

Mama yako, Mwalimu


11 Mei

Kaka,

Leo msimamizi wangu kaniita ofisini. Ripoti yangu ilikuwa mezani imefunguliwa kwenye picha ya Mama. Akaniuliza, kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka: "Kwenu kalenda husomwa kutoka kulia?"

Nikatazama. Nyuma ya Mama, ukutani, kuna kalenda yetu. Namba zote ziko kinyume.

Nikamweleza kwamba niliigeuza picha kwa sababu simu ilikuwa imeigeuza. Akasema vizuri, tafuta picha nyingine yenye kukaa sawa, uweke, kabla jopo halijasoma. Basi. Hakuuliza zaidi.

Lakini mimi nimerudi chumbani nikaifungua ile ya kwanza, ile aliyopiga jirani. Humo kalenda inasomeka vizuri kabisa. Kumbe simu haikugeuza kitu. Nilitaka iwe imegeuza, nikaamua imegeuza.

Halafu nikatazama namba zako za kila Jumapili. Goti lililokatika mishipa halikunji hivyo, Kaka, hata likivalishwa dhahabu.

Mama amevaa mguu gani? Nijibu leo.

Mdogo wako


12 Mei

Dada yangu,

Wa kulia.

Sasa nimelisema, hebu nipumue. Tangu Machi nimelibeba hili peke yangu na Mama.

Nilitengeneza kama ulivyochora, neno kwa neno. Nikakipeleka nyumbani siku ile nikapiga magoti nimvalishe Mama, na kikakataa. Pa kujaa ni bonde, pa bonde ni mlima. Nikakigeuza juu chini, kikakataa. Mama akasema, "Hebu jaribu huku," akanyoosha mguu mzima. Kikaingia kama soksi. Dada, nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimetengeneza mguu wa kulia.

Nilitaka nikuandikie saa ile ile. Mama akakataa. Alisema umesubiri picha, tarehe haisogezwi, ukijua utapaniki. "Piga picha hivi hivi, goti ni goti, na wewe Jumamosi ijayo utengeneze kingine." Nami nilikubali. Nilikuwa nimepanga kabisa, alumini nimeshaitafuta. Halafu ikaja barua yako: usiguse, usitengeneze kingine, ripoti itabatilika. Nikauliza kiujanja, ukanifokea kwa herufi kubwa. Ningefanyaje?

Kuhusu vipimo sikudanganya. Uliandika "goti likiwa ndani ya kifaa." Nimepima goti lililo ndani ya kifaa. Hukuuliza ni lipi.

Kosa ni langu, nimesoma mchoro vibaya, na mimi ndiye fundi wa miaka yote hii. Tajiri alipoona alicheka hadi akakaa chini. Lakini tusipotee kwa hilo. Msimamizi wako anataka picha tu, sivyo? Jumamosi natengeneza cha kushoto, Jumapili Mama anavaa, jirani anapiga, Jumatatu unayo. Nani atajua? Wewe unahitimu, Mama ana kifaa, mimi nalala usingizi. Tafadhali.

Kaka yako


15 Mei

Kaka,

Mmenidanganya wote wawili, na nimekasirika. Nawaandikia ninyi watu wangu nikiwa nimekasirika na sitaki kujifanya sijakasirika. Mama aliniandikia kwa mkono wake kwamba goti linalokivaa halijamsumbua hata siku moja. Ukweli mtupu, kasema! Mwalimu wa watu kanitegea kama mtoto wa darasa la kwanza.

Haya. Sasa lingine. Hukusoma vibaya.

Nimekaa na mchoro siku nzima nikitafuta ulipokosea na sikupaona. Halafu nikakumbuka chuo cha nyumbani, yule mwalimu wetu wa michoro aliyekuwa anatupigia meza. Kwetu, kitu ukikitazama kutoka kulia, ulichokiona unakichora upande wa kushoto wa karatasi. Ndivyo ulivyofundishwa wewe chuo cha ufundi, na ndivyo nilivyochora mimi miaka yangu ya kwanza. Huku wanafanya kinyume: ulichokiona kutoka kulia kinakaa kulia. Mitindo yote miwili ni halali, ila ukisoma mmoja kwa macho ya mwingine, kitu kinatoka kama kwenye kioo. Ndiyo maana kuna alama ndogo ya koni inayowekwa pembeni ya karatasi, kumwambia fundi ni mtindo upi. Katika programu yetu, yenye watu wa kila nchi, ndilo jambo la kwanza tuliloambiwa siku ya kwanza.

Mimi nilikata pembezoni mwa karatasi ili iingie kwenye printa yenu. Na koni ikaenda.

Wewe ulisoma kama ulivyofundishwa. Mimi niliyefundishwa yote mawili ndiye niliyesahau naongea na nani. Kwa hiyo acha kujilaumu, na mwambie tajiri afunge mdomo.

Kuhusu Jumamosi: hapana. Nilifikiria, sikufichi, nilifikiria sana. Picha ningeipata, lakini namba zote za ripoti ni za goti zima la Mama. Na mchoro ule ule, usio na koni, ndio ulio kwenye ripoti na ndio utakaokwenda hospitali. Fundi wa kule ataukuta kama ulivyoukuta wewe, atamtengenezea mtu mguu usio wake, na mtu huyo hatakuwa na mtoto wa kumfichia aibu, kama Mama alivyonifichia mimi. Kesho asubuhi nakwenda kumwambia msimamizi.

Naogopa.

Mdogo wako


20 Mei

Dada,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Sehemu ya koni nimeisoma zaidi, nashukuru, nimemsomea na tajiri, naye amesema "aaah" akaenda kunywa chai.

Lakini na mimi niseme langu. Unasema tumekudanganya. Kweli. Lakini wewe nawe hukutuachia mahali pa kusemea. Kila barua yako ilikuwa furaha tupu, umelia, bweni zima limeona, mikono yangu Mungu aibariki. Nani angekutoa huko juu? Na nyumbani kwetu tumelelewa hivyo, ukipewa kitu unashukuru, kikikubana unashukuru zaidi. Unakumbuka viatu vyako vya sekondari? Ulivivaa mwaka mzima vinakuua, kisa Mama alivichagua yeye.

Sasa lililo baya. Mama hayuko ghorofani tena. Alikuwa anapanda zile ngazi kila siku, mguu mzima ukiwa ndani ya alumini yako na mguu mgonjwa ukiwa mtupu, kwa sababu alishamwambia mwalimu mkuu kwamba amepona. Goti limevimba hadi halikunji. Daktari kalitoa maji na kamwambia apumzike. Nilikuwa namwona akirudi jioni anaburuta, nikanyamaza, nikasema ripoti ikipita tu. Hilo siwezi kulisamehe upesi, wala sitaki unisamehe upesi.

Amemwambia mwalimu mkuu ukweli mwenyewe, kwa kinywa chake. Anasema ilikuwa ngumu kuliko kuzaa.

Umeshakwenda kwa msimamizi? Wamesemaje?

Kaka yako


6 Juni

Kaka,

Nimekaa siku kadhaa bila kuandika kwa sababu nilikuwa nalia kwa ajili ya goti la Mama na sikutaka kukuandikia machozi. Nilitaka kumtoa stoo, nikamtoa kwenye ngazi na kumlaza kitandani. Nimelikubali hilo kuwa langu, hata kama ninyi mna fungu lenu.

Jopo limekaa. Walikuwa watu wa vyuo vyote viwili, wa huku wamekaa mezani, wa nyumbani wako kwenye skrini. Niliwasimulia kuanzia kwenye koni hadi kwenye kalenda. Nilipoanza maneno yalitoka tu. Yule mwalimu wetu wa kupiga meza alikuwepo kwenye skrini, alijifunika uso.

Ripoti imekataliwa. Mahafali ya mwezi huu yatapita bila mimi, nitasubiri kundi lijalo. Hawakunifukuza, kwa kuwa nimesema kabla hawajagundua, lakini alama ya juu nitakayoweza kupata sasa ni ya kawaida tu, hata nikitengeneza goti la malaika. Mwenzangu wa chumbani anahitimu na roboti wake. Nimempigia makofi kwenye mazoezi ya maandamano ya mahafali, na yaliniuma, sitasema hayakuniuma.

Msimamizi aliniita baadaye. Nilisubiri aniambie kitu cha kunipa moyo. Akasema: "Sasa una mradi. Mwanzo ulikuwa na picha." Akanirudishia karatasi zangu.

Mchoro mpya huu hapa. Koni ipo, kubwa kuliko inavyotakiwa, na nimeandika kwa maneno GOTI LA KUSHOTO juu, chini na pembeni, hata mtu wa mtindo wa tatu wa sayari nyingine ataelewa. Kitengeneze kifaa uvimbe ukiisha kabisa, si kabla.

Na Kaka, na umsomee Mama hapa. Safari hii sitaki shukrani. Nitaandika kwenye ripoti kila atakachosema, na akisema ni kizuri sitakuwa na cha kuandika. Nataka alalamike. Najua ninamwomba jambo kubwa.

Mdogo wako


12 Julai

Dada,

Kimekamilika Jumamosi. Safari hii nilikipeleka nyumbani kikiwa bado nusu, nikakijaribisha mguuni kwanza kabla sijakifunga bawaba. Ni wa kushoto. Niliuliza mara tatu, Mama akaniambia nikiuliza tena atanichapa.

Kuhusu malalamiko, nilimsomea. Akasema, "Mtoto kakesha kuchora, mimi nianze kumkosoa?" Nikamwambia ndicho anachokihitaji. Akasema atafikiria. Keshokutwa anakuja hapa kuandika mwenyewe, na mimi kasema nitoke nje.

Kaka yako, Fundi


14 Julai

Mwanangu,

Nimemtoa kaka yako. Tajiri naye nimemtoa, na kavaa uso wa mtu aliyefukuzwa kwake.

Miaka yangu yote ya ualimu nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu kwa wino mwekundu, na sikuona haya. Mtoto akikosea hesabu nampigia alama ya mkasi, na kesho yake ananiletea tena. Lakini wewe sikuwahi kukusahihisha. Michoro yako ya utotoni, ile ya magari yenye magurudumu upande mmoja, yote nilisema mizuri. Nilidhani ndiyo kukupenda. Nimelifikiria sana nikiwa kitandani mguu uko juu ya mto, na naona nilikuogopa kidogo. Nilikuogopa kwa sababu unakwenda mbali na mimi nabaki, na mtu anayebaki anataka akumbukwe kwa mazuri.

Basi leo nakusahihisha.

Kifaa kinabana nyuma ya goti nikikaa zaidi ya kipindi kimoja. Kimeniachia alama nyekundu, kaka yako kaiona, akageuka. Mkanda wa paja unateleza nikitoka jasho, na mimi natoka jasho. Bawaba inalia. Hapo shuleni watoto wameshaigundua na yuko mmoja anayeiigiza kwa mdomo, vizuri sana, nusura nimpe zawadi. Chini ya gauni kinaonekana, uliniambia hakitaonekana. Kukivaa peke yangu siwezi, vifungo viko mbali, lazima nimwite kaka yako kila asubuhi, na mimi ni mtu mzima sipendi kuitaita.

Jema liko moja na nitaliandika kwa sababu ni kweli: goti halijachomoka. Juzi, jana na leo, halijachomoka.

Mwalimu mkuu ameniruhusu kujaribu ngazi baada ya masomo, watoto wakiwa wameondoka, naye akiwa nyuma yangu. Jana nilijaribu. Nilipanda hadi katikati, pale pa kugeukia. Hapo ikaanza kuuma, pale nyuma ya goti nilipokuambia, nikasimama, na nilitamani sana kuendelea kwa ajili yako. Sikuendelea. Nikageuka nikashuka.

Andika hivyo kwenye ripoti yako. Alipanda hadi katikati, ikauma, akashuka. Usiongeze kitu.

Mama yako